Ndovu Aliyevuka Hadi Kiwayu

Bi Kulthum alikwenda kutafuta pweza maji yalipokupwa, akarudi mikono mitupu. Alimkuta Khatib, mwongoza watalii wa kambi ndogo ya wageni pale Kiwayu, akipakia mafuta kwenye boti. Siku hiyo alikuwa ampeleke mgeni mmoja bara, kwenye hifadhi ya Dodori, akaone nyamera na nyati. Mgeni mwenyewe, Wamuyu, mwalimu mstaafu wa bayolojia kutoka Nyeri, alikuwa ameshavaa viatu vyake vya msituni.

"Khatib," Bi Kulthum alisema, "kuna kitu kimepita upande wa mikoko. Kimeacha mashimo, kila moja kama sinia."

"Watoto wamechimba, Bi."

"Watoto gani wa kuchimba kutoka baharini mpaka mtungani?"

Wakaenda wote watatu. Mashimo yalikuwa ya duara, yametoka moja kwa moja kwenye mkondo unaotenga kisiwa na bara ya Mkokoni. Khatib alichutama akapitisha kiganja ndani ya moja. Chini mlikuwa na mistari ya nyufa, kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akiwaonyesha wageni alama kama hizo, lakini bara tu.

"Ni ndovu," alisema, kama mtu asiyeamini kauli yake.

"Ameogelea mkondo wote huu?" Wamuyu aliuliza.

"Hakuna ndia nyingine," alijibu Bi Kulthum.

"Amefuata nini huku?"

"Twende tukaone," Khatib alisema, akiinuka.

Walifuata nyayo zikipanda mtungani, kwenye vilima vya mchanga. Walikuta kinyesi, bado cha moto, kimejaa kokwa za matunda ya mkoma. Wamuyu alikipasua kwa kijiti, amefurahi kama aliyefungua zawadi, na Bi Kulthum akajiziba pua kwa mtandio. Khatib aliokota mchanga kidogo akauachia uanguke, aone upepo unaelekea wapi. Kisha akawazungusha na kuwaficha nyuma ya kichaka.

Alikuwa dume, pembe moja fupi kuliko ya pili. Alisimama bondeni kati ya vilima viwili, akichimba kwa mguu wa mbele. Akachimba, akangoja. Akateremsha mkonga shimoni, akaupeleka kinywani.

"Anakunywa," Wamuyu alinong'ona.

"Pale hapana kisima," alisema Bi Kulthum. "Hapajapata kuwa na kisima."

Walimtazama karibu saa nzima. Aliposhiba aligeuka, nao wakalala chini. Alipita hatua arubaini kutoka kwao, akashuka kwenye mikoko, akaingia majini bila haraka. Vikabaki utosi na ncha ya mkonga. Khatib aliwapigia simu askari wa wanyamapori walio ng'ambo, wawaondoe watu ufuoni. Baadaye wakaona doa jeusi likipanda ukingo wa pili na kupotelea mitini.

Ndipo wakaliendea shimo. Bi Kulthum alisema bismillahi, akateka kwa kiganja, akaonja. Akaonja tena.

"Mai tamu," alisema. "Na visima vyetu vyote vimeingia chumvi tangu mvua ikatike!" Akainua buibui lake na kukimbia kuelekea kijijini kuwaita wenzake.

"Alijuaje?" Wamuyu aliuliza.

Khatib alipiga magoti kando ya shimo, pale palipokuwa bado hapajachimbwa, akalaza uso mchangani na kuvuta pumzi ndefu.

"Unasikia harufu ya maji?" Wamuyu alimuuliza.

"Ya mchanga tu, Mwalimu."

Wamuyu alivua miwani yake akalala kando yake. Akina mama walipofika na ndoo zao, waliwakuta watu wazima wawili wamelala kifudifudi, wakinusa ardhi na kubishana.