Anaitika

“Mara ya mwisho aliitika saa ngapi?” Daktari Godwin anauliza mara ya pili, tochi mkono mmoja, simu mkono mwingine, bingwa wa upasuaji yuko Mbeya anasubiri jibu hilo hilo, na Nesi Asifiwe haoni kingine ila jicho la kulia la Lucy, mboni imetanuka, mwanga unamulikwa nayo haijali, damu inakusanyika ndani ya fuvu na mwenyewe anakoroma, wodi nzima tangu saa sita inasema afadhali kapata usingizi, usingizi gani huo... asubuhi si alikuwa anacheka, kaletwa kutoka Ipyana, kaanguka kwenye bodaboda na mkungu wake, nundu nyuma ya sikio, anauliza ndizi zangu kazichukua nani, daktari akaagiza aamshwe kila nusu saa, aulizwe jina, amulikwe macho, iandikwe, haya, iandikwe na nani, wagonjwa arobaini nesi mmoja, kwenye semina walionyeshwa picha za wodi zenye mashine kila kitanda, wakala kuku, wakapiga makofi, wakarudi Kyela kwenye tochi zao za simu... basi kazi akapewa ndugu wa mgonjwa, kama siku zote, na ndugu ni mmoja, Mzee Nsajigwa, baba mkwe wake, mume kapeleka kokoa mjini hapatikani, na mzee ndiye yule kasimama mlangoni na kofia mkononi, uso kaugeuzia nje, kila nusu saa alikuja mezani, ameitika, nesi, ndaga, asante, na Asifiwe akaandika anaitika, anaitika, anaitika, mpaka saa nane, mwandiko safi kabisa... mwongo mkubwa wewe mzee, aseme sasa, aseme mbele ya daktari kwamba alibaki nyuma ya ukuta akaita tu, akasikia mkoromo akaupokea kama jibu, maana Mnyakyusa wa umri wake hamtazami mke wa mwanawe, hamsogelei, nani hapa Kyela asiyelijua hilo, bibi yake Asifiwe alikuwa akimwona baba mkwe wake anakuja anajitosa migombani na ndoo kichwani, anachuchumaa matopeni mpaka mzee apite, na yeye mjukuu msomi akacheka sana... nani asiyejua, ndiyo, nani... saa tatu asubuhi mzee alishusha macho akamwambia taratibu, nesi, huyu ni mkwe wangu, na yeye akamjibu baba, hospitali haina mila, akageuka zake, akalifurahia jibu lake, akalirudia moyoni hata alipokuwa anabadilisha dripu kitanda cha mwisho, hatua kumi tu kutoka kwa Lucy, kumi, hazikumshinda miguu, zilimshinda kwa sababu karatasi ilishajaa vizuri na karatasi ndiyo inayokaguliwa... na sasa mzee anakohoa, anaanza, daktari, kosa hili ni la kwangu mimi, bado hamtazami Lucy, na daktari anamgeukia kwa hasira ambayo Asifiwe alikuwa ameisubiri muda wote huu imshukie mzee huyo huyo, na angeweza kunyamaza, kunyamaza kungetosha kabisa, mkoromo unakatika, unarudi.

“Mzee aliniambia mapema kwamba hawezi,” Asifiwe anasema. “Mimi nilimtazama Lucy mara moja tu, saa tatu. Hayo mengine niliyaandika nimekaa.”