Holger Aingia Majini

Kwa miaka thelathini na minane Holger Sundblom aliendesha kivuko kati ya kisiwa chao na kisiwa jirani. Alivusha mabibi harusi, majeneza, ng'ombe na matrekta, na siku zote hizo hakujua kuogelea. Wala hakuona aibu. Wavuvi wa rika la baba yake karibu wote walikuwa hivyo. "Anayejua kuogelea hufa polepole," baba yake alimwambia alipokuwa na miaka saba. "Asiyejua hufa mara moja, basi." Bahari ile hata kiangazi ina baridi ya kupenya mfupani, ukianguka mbali na nchi kavu, kuogelea ni kujicheleweshea tu. Holger aliyameza maneno hayo bila kuyatafuna, akazeeka nayo tumboni.

Mkewe Gerd alikuwa mtu wa maji. Barafu ikishayeyuka tu, kila asubuhi alipita kwenye msitu wa misonobari akashuka Rödhäll, mwamba mwekundu wa upande wa mashariki, akavua nguo, akaogelea hadi jiwe la membe, wale ndege wa baharini, na kurudi. Huko alimkuta Majvor, jirani yao, mjane wa miaka themanini na miwili, aliyeingia majini na kofia ya sufu kichwani. Holger akiwasindikiza, alikaa juu kabisa, viatu mguuni, akilinda chupa ya kahawa.

Mwaka huo, mwezi wa Aprili, Gerd aliwekewa nyonga mpya hospitalini mjini. Mwishoni mwa Juni alirudi kutoka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akakaa mezani, akajikatia kipande cha chapati nene ya maziwa, akakipaka jamu.

"Kasema niogelee," alisema.

"Si uogelee."

"Kasema nisiwe peke yangu."

"Nitakuwepo. Mimi si ndiye nakaa pale kila siku?"

"Ndani ya maji, Holger. Mtu wa kunishika."

Holger akaweka uma chini. "Majvor je?"

"Majvor? Nikizama atanishika na nini, meno?"

"Na yenyewe ya kubandika."

"Basi umejijibu."

Siku ya kwanza Holger aliingia hadi kwenye vifundo vya miguu, akatoka. Siku ya pili magotini. Majvor, ambaye tayari alikuwa anaelea huko mbele kofia ikiwa kavu, hakumwachia hata pumzi moja.

"Nahodha! Unangoja maji yakukatie tiketi?"

"Nayazoea."

"Umeyapanda miaka arobaini, leo ndiyo unayazoea! Haya, umeshayavulia nguo, yaoge."

Siku ya nne Gerd alimlaza chali, kiganja chake chini ya kisogo cha mumewe, kama mtu anayemwosha mtoto. Mara tu alipojaribu kuuondoa mkono, Holger alijikunja katikati akazama makalio kwanza. Akaibuka akikohoa, macho mekundu.

"Unaukaza mwili kama mtu anayesubiri kupigwa," Gerd alimwambia.

"Mimi ni mzito. Kuna watu wazito."

"Kivuko chako kilikuwa na tani ngapi? Mbona kilielea?"

Wiki mbili zikapita hivyo. Asubuhi moja alimeza maji mengi, Majvor akacheka kupita kiasi, na Holger akatoka, akavaa suruali juu ya mwili uliolowa, akarudi nyumbani. Akashinda akipasua kuni ambazo hazikuhitajika mpaka Desemba. Jioni wakakaguana kupe migongoni kama kawaida yao ya kiangazi, na Gerd hakulitaja jambo lile.

Kesho yake Holger aliamka saa kumi na mbili asubuhi, akapapasa upande wa pili wa kitanda, akaukuta baridi. Taulo la Gerd halikuwepo msumarini. Na Majvor alikuwa amekwenda mjini tangu jana.

Mtu wa miaka sabini na mmoja hakimbii kwenye mizizi ya misonobari, lakini alikimbia. Alipotokeza mwambani alimwona mkewe pale pale ukingoni, maji yakiwa kifuani, mikono miwili imeng'ang'ania ufa wa jiwe. Mwamba wa Rödhäll ulisuguliwa na barafu ya kale mpaka ukawa mwororo kama mgongo wa mnyama aliyelala, na pale unapokutana na maji huota mwani wa kijani wenye utelezi kama mafuta. Mguu wa Gerd wenye nyonga mpya uligoma kupanda. Kila alipojisukuma, aliteleza akarudi.

"Umekaa humo tangu lini?"

"Sijui. Sisikii vidole."

Holger hakuvua hata viatu. Aliingia, akateleza, maji yakamfika kwapani, pumzi ikamkatika. Akapapasa chini kwa mguu mpaka akapata kishimo kwenye jiwe, akasimama hapo, akaweka bega lake chini ya makalio ya mkewe, akamnyanyua kama alivyokuwa akinyanyua mapipa ya samaki ujanani. Gerd akatambaa juu. Kisha yeye akabaki humo, nguo zikimwelea pembeni, akitetemeka.

"Ungekufa," alisema.

"Wewe ulikuwa umenuna."

"Gerd. Ungekufa hapa, nami nimelala."

Gerd alijivutia taulo. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. "Basi nifanye nini, Holger? Hiki ndicho kitu pekee ambacho mwili huu bado unakifanya bila kunung'unika."

Majvor aliporudi na kusikia kisa hicho, hakucheka. Aliketi jikoni kwao akazungusha kikombe cha kahawa.

"Nikwambie kitu kuhusu baba yako?" alimwambia Holger. "Nilimjua. Alikuwa anaogopa maji kama paka. Ngazi ya bandarini alishuka macho yamefumbwa. Yale maneno yake ya kufa polepole, alijitafutia pa kujificha, nawe ukaja ukapageuza kanisa."

Holger alikasirika. Kisha akakumbuka mkono wa baba yake kwenye kingo za mashua, jinsi vidole vilivyokuwa vikigeuka vyeupe hata siku ya utulivu. Alidhani siku zote kwamba ni baridi.

Tangu siku hiyo hakuna aliyelazimika kumsukuma.

Ilikuwa mwishoni mwa Julai, asubuhi isiyo na upepo hata wa kutikisa unyasi. Majvor alikuwa na mafua. Walishuka wawili tu. Jua lilikuwa limepanda kiganja kimoja juu ya bahari, na mwamba wote uliwaka wekundu hadi chini ya maji, ukashuka na kushuka mpaka macho yakaupoteza. Gerd alimlaza chali, kiganja chini ya kisogo.

"Masikio ndani," alisema. "Yaache yaingie maji. Sasa vuta pumzi, uishike kidogo."

Masikio yakazama, na dunia ikanyamaza. Holger alisikia moyo wake. Chini ya moyo akasikia kitu kingine, mchakacho mdogo usiokoma, changarawe zikigusana huko chini kabisa. Alikuwa amepita juu ya sauti ile mara elfu nyingi, injini ikiunguruma, bila kujua ipo. Juu yake hapakuwa na kitu ila mbingu, na membe mmoja mweupe aliyezunguka taratibu. Akahisi maji yanamshika mgongoni, kwenye mapaja, chini ya visigino, kila mahali kwa wakati mmoja. Hakuwahi kushikwa hivyo na kitu chochote.

Akageuza macho, akauona mkono wa Gerd. Ulikuwa hewani. Mikono yake yote miwili ilikuwa hewani, naye amesimama hatua mbili kando, machozi yanamtoka.

"Usiseme kitu," Gerd alisema kwa midomo tu.

Walikaa hivyo muda ambao Holger baadaye hakuweza kuukadiria. Kisha Gerd akamgusa bega, akamwelekeza kidole baharini.

Katika mlango wa bahari, kati ya kisiwa chao na kile cha pili, palikuwa na vichwa viwili vinakuja. Mwanzoni Holger alidhani ni sili, wale wanyama wa baharini. Lakini sili hana masikio marefu namna ile. Alikuwa kulungu jike, wa aina ile kubwa ya misitu ya nchi za baridi, wanaompita farasi kwa urefu, na nyuma yake ndama, kidevu chake kakilaza juu ya kiuno cha mamaye. Walikuwa wamevuka zaidi ya kilomita moja ya maji yenye kina. Walikuja moja kwa moja kuelekea Rödhäll.

"Turudi nyuma," Gerd akanong'ona. "Tuwapishe."

Wakarudi nyuma polepole, mikono ikifagia maji kama Gerd alivyomfundisha. Kulungu alikaribia. Holger alisikia pumzi zake, puu, puu, nzito, zenye mpango, kama za mtu anayepanda ngazi na mzigo. Akapita mbali nao kwa urefu wa mashua moja. Jicho lake lilikuwa jeusi na pana. Lilimtazama Holger, likaona hakuna cha kuhofia, likaendelea na safari. Mawimbi madogo aliyoyaacha yakaja yakampanda Holger kidevuni.

Katika maisha yake Holger alikuwa amewapiga risasi kulungu kumi na wanne. Aliwachuna, aliwala, ngozi ya mmoja ilikuwa imetandikwa mbele ya sauna, chumba chao cha kuogea mvuke. Alidhani anawajua. Sasa alikuwa kichwa juu ya maji na huyu naye kichwa juu ya maji, wote wawili wanapumua kwa juhudi.

Mnyama akafika kwenye mwani, akateleza goti moja. Akatafuta kwa kwato, akapata mahali, akajinyanyua. Alipanda na kupanda, kana kwamba mwili wake hauna mwisho, maji yakimtiririka kwa sauti ya mvua, mvuke ukimtoka mgongoni katika jua lile. Akageuka, akangoja. Ndama alijaribu mara tatu. Mara ya nne mama alishusha pua hadi karibu na maji, akakoroma kidogo, na yule mdogo akaruka, akasimama juu ya jiwe miguu ikitetemeka. Wakapita kando ya mataulo na chupa ya kahawa, wakapanda hadi kwenye misonobari, wakaingia. Tawi moja likavunjika huko ndani. Kisha kimya.

Gerd na Holger hawakusogea. Juu ya mwamba alama za kwato zilimeta zikiwa mbichi, zikaanza kukauka moja baada ya nyingine.

"Holger," Gerd alisema mwishowe.

"Naam."

"Miguu yako imegusa chini?"

Holger akanyoosha mguu. Hapakuwa na kitu. Akanyoosha mwingine, akaunyoosha hadi ncha za vidole, akakuta baridi tu, na baridi zaidi chini yake. Walikuwa wamerudi nyuma mbali sana, karibu nusu ya njia ya kwenda kwenye jiwe la membe. Alingoja hofu ije imshike. Haikuja. Mikono yake iliendelea kufagia, huku na huku, bila kumwuliza.

Akageuka taratibu kukitazama kisiwa chake. Miaka sabini na mmoja, na hakuwahi kukiona kutoka huku chini. Kilikuwa kirefu. Mwamba ulitoka majini mwekundu na mzima, msitu umesimama juu yake, na moshi mwembamba wa jiko la mtu fulani ukipanda wima nyuma ya miti.

"Twende tutoke," Gerd akasema. "Midomo yako imebadilika rangi."

"Tangulia, mama. Nitakusukuma pale kwenye utelezi."

"Na wewe?"

"Nitarudi huku kidogo," Holger alisema. "Kidogo tu."