Kiti Chekundu, Kiti cha Buluu

Kahambu alikubali kuja kwa sababu Laetitia alimwomba kwa adabu. Msichana huyo alizaliwa hapa hapa Brussels, mama yake akiwa mtu wa Goma, na kazi yake ilikuwa kuandaa mijadala ya historia katika ukumbi mdogo nyuma ya uwanja wa Flagey. Jumamosi ile mjadala ulihusu Vita Baridi, miaka ile ambayo Marekani na Urusi waligombania dunia bila wao wenyewe kurushiana hata risasi moja. Laetitia alitaka wazee wa Kongo nao wasikilizwe. Na Kahambu, mjane aliyeogesha na kulisha wazazi wa watu wengine mpaka akastaafu, hakuwa amesikilizwa sana katika mji huu.

Jukwaani alikuta viti viwili, kimoja chekundu na kimoja cha buluu. Kwenye chekundu alikuwa ameshakaa Antoinette, rafiki yake.

"Na wewe uko hapa?" Kahambu alishangaa.

"Laetitia hakukuambia? Hata mimi hakuniambia," Antoinette akajibu.

Walikuwa wakisali kanisa moja Matonge, mtaa wa Wakongo mjini Brussels. Katika misiba walitwanga sombe, majani ya muhogo, pamoja, wakagombana juu ya chumvi, wakapatana kabla ya sufuria kuiva. Lakini hawakuwahi kuulizana habari za uasi wa 1964. Mtu wa Kivu, jimbo lao la mashariki ya Kongo, hamuulizi mwenzake ni vita ipi iliyomvunjia nyumba. Zimekuwa nyingi mno.

"Maman Kahambu, wewe utaikala kwa kiti ya bleu," Laetitia alisema. "Ile ni ya Magharibi, ya Bamarekani; nyekundu ni ya Mashariki, ya Barusi."

"Magharibi? Mimi nilizalikiwa Beni, mutoto yangu. Beni iko Mashariki ya Kongo."

"Bon, ni mufano tu, maman."

Kahambu akakaa.

Ukumbi ulijaa. Laetitia alianza na yeye, kwa Kifaransa, na Kahambu akajibu kwa Kifaransa. Alieleza kwamba baba yake, Kambale, alikuwa karani wa posta pale Beni. Waasi wa Simba, waliosaidiwa na upande wa Urusi, walipoingia mjini, mtu mwenye viatu na kalamu mfukoni aliitwa msaliti, kibaraka wa Wamarekani. Walimtoa mbele ya posta akiwa na shati lake jeupe, wakampandisha lori pamoja na wengine. Kahambu alikuwa mtoto mdogo, amesimama ng'ambo ya barabara. Lori likaondoka. Hakuna aliyerudi.

Laetitia akageukia kiti chekundu.

"Na papa yako, Maman Antoinette?"

Antoinette alizungusha pete kidoleni. "Papa yangu alikuwa upande wa Simba," alisema taratibu. "Alikuwa dereva wao."

"Dereva wa nini?"

"Wa lori."

"Wapi, maman?"

Antoinette alimtupia Kahambu jicho. "Beni," akasema.

Aliendelea. Alisimulia ndege zilizotolewa na Wamarekani zilivyopita juu ya shamba la mihogo na kumuua mama yake jembe mkononi. Alisimulia mamluki wazungu walivyomkamata baba yake na kumpiga risasi ukutani. Lakini Kahambu aliyasikia kwa mbali, kama mvua iliyo nje ya dirisha. Masikioni mwake kulibaki neno moja, lori.

Alimtazama Laetitia, akaona kwamba binti huyu alijua tangu mwanzo. Alikuwa ameenda nyumbani kwa mmoja, kisha kwa mwingine, akanywa chai yao, akayakusanya maneno yao na kunyamaza, ili yakutane hapa mbele ya watu.

"Mashariki na Magharibi," Laetitia alisema kwa sauti laini. "Maman Kahambu, Maman Antoinette, je, leo mnaweza kupeana mikono?"

Mtu mwenye kamera akanyata hadi miguuni pa jukwaa. Antoinette hakunyoosha mkono. Alikuwa akimkodolea Laetitia macho kwa mshangao, na Kahambu akatambua kwamba naye ameingizwa katika mtego uleule.

Kahambu akasimama. Kifaransa alikiacha kitini.

"Hapana," alisema kwa Kiswahili. "Laetitia, tafsiri. Papa yangu hakukuwa muntu ya Magharibi. Alikuwa anauzisha timbre za barua. Siku alikufa, hakuna Mumarekani alikuya kumulilia, na mama ya huyu alipokufa, hakuna Murusi alikuya kumuzika. Bunduki zilitoka mbali. Ndege zilitoka mbali. Benye kuzituma bakabaki kwao, banakula muzuri, banasema vita ni baridi. Leo munaita sisi, batoto ya wafu, tupeane mukono kwa faida yenu, mupige picha. Mukono yangu haiko ya muchezo ya théâtre. Na kama ni papa ya huyu alibeba papa yangu kwa lori, ile ni maneno ya mimi na yeye. Sitamusamehe hapa. Pengine sitamusamehe hata siku moja."

Laetitia aliwageukia watu. "Mama anasema," alianza kwa Kifaransa, "kwamba bado ana uchungu, na kwamba amani inahitaji muda..."

"Hakusema vile," Antoinette alimkatiza.

Akainuka kutoka kiti chekundu, akasimama bega kwa bega na Kahambu, akatafsiri yeye mwenyewe neno kwa neno, bila kupunguza wala kulainisha. Alipofika kwenye lori la baba yake alimgeukia Kahambu. Akavuta pumzi, akalisema, kisha akasema na lile la kutosamehewa.

Mzee mmoja mwenye mvi, kiti cha mbele, akauliza, "Sasa mnataka sisi tufanye nini?"

"Ambassade zao, balozi za Amerika na Urusi, ziko hapa mujini, zote mbili," Kahambu alijibu, Antoinette akitafsiri. "Muite bao baikale kwa hivi viti."

Akachukua koti lake na kushuka.

Nje, uwanjani Flagey, wachuuzi walikuwa wakifunga vibanda vya soko na upepo ukirusha majani ya kabichi. Antoinette alimfuata mbio.

"Ni yeye alibeba papa yangu?" Kahambu akauliza bila kugeuka.

"Sijue. Kweli ya Mungu, sijue. Lori zilikuwa mingi, na papa hakubakia wa kunieleza."

"Ulijua natoka Beni. Miaka hii yote ulinyamaza, alors?"

"Nilijua. Niliogopa."

Kahambu alitamani kumzaba kofi, akatamani pia kumshika asianguke. Hakufanya lolote. Laetitia akatokea mlangoni, akihema.

"Maman, pardon! Batu banapiga makofi, banawangojea. Murudi, tafadhali."

"Mwenye kutaka makofi arudi," Kahambu alisema. "Chai yangu ulikunywa, mutoto, na hukusema. Wende ndani."

Laetitia aliinamisha kichwa, akarudi ndani.

Wanawake wawili wakabaki kwenye baridi.

"Papa yako alikuwa anaitwa nani?" Kahambu akauliza.

"Modeste."

"Kesho usikuye kwangu. Ile siku nitakuita, ukuye, uniambie yote unakumbuka. Hata ile mubaya."

"Nitakuya."

"Sikusema nitakusamehe."

"Nilisikia," Antoinette akasema. "Ni mimi nilitafsiri."

Kahambu akafunga vifungo vya koti, akavuka barabara kuelekea kituo cha basi, mgongo wake umenyooka.