Anayeitika Uwanjani

Muhiddin hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mji huu mtu akikohoa Malindi, Kikwajuni washamkatia sanda.

Yeye alikuwa fundi wa spika wa uwanja mpya. Kila alasiri ya kuamkia sherehe au mpira mkubwa hupanda kwenye kijumba cha kutangazia, juu ya jukwaa kuu, akawasha mitambo, akapuliza kipaza sauti na kusema: "Moja, mbili, tatu. Mnanisikia?" Uwanja mtupu, ngazi za saruji zinachomwa na jua, hata paka hayupo. Na kutoka ngazi za upande wa pili, juu kabisa, humrudia sauti ya mwanamme, ya upole, kama ya mtu aliyeitwa na mkubwa wake:

"Naam."

Mwangwi, alijiambia mara ya kwanza. Lakini mwangwi gani huu, unasema mnanisikia unajibiwa naam? Mara ya pili alizima mitambo, akashuka, akauzunguka uwanja wote kwa miguu. Mara ya tatu alisoma Ayatul Kursiyyu. Na hofu yake, mkitaka kujua, haikuwa ya kuitikiwa. Hofu yake ni kuwa sauti ile alikuwa akiijua, na kila akijaribu kukumbuka ni ya nani, inamponyoka.

Sasa msije mkanianzia maneno yenu kuwa uwanja ule umejengwa juu ya makaburi. Hakuna makaburi pale! Palikuwa na makonde ya muhogo na minazi miwili mitatu, na wanaosema vinginevyo waulizwe walikuwa wapi siku wenzao wanabeba mawe. Kila mtu alibeba: karani, muuza kahawa, mwalimu wa chuo. Mafundi wa Kichina walipima na kuonesha kwa vidole, maana lugha ilikuwa haipandi. Kabla ya hapo mpira ulikuwa Mnazi Mmoja, unasimama kwenye mstari na jua lako la kichwa. Uwanja ulipokwisha, Unguja nzima ikahamia pale. Ligi pale, riadha pale, gwaride pale, mikutano pale, na wanafunzi wa halaiki wanajipanga mpaka miili yao inaandika maneno kwenye majani. Mvua ilipokataa kunyesha, watu walitandika misala pale pale penye magoli wakaiomba. Palikuwa ndipo mahali pekee ambapo mtu wa Bwejuu na mtu wa Shangani hukaa ngazi moja wakapeana njugu.

Na penye watu wengi watoto hupotea. Anayeokota mtoto humpeleka mlango mdogo wa mashariki, akakalishwa mkekani kwa askari. Mzazi aliyepotelewa naye huenda pale pale, akataja jina la mtoto, mtaa wake na nguo alizovaa, na askari humpandishia Muhiddin habari. Muhiddin hutangaza. Kazi hiyo akiipenda kuliko zote. Hakuna mtoto aliyemwita akakosekana, na mjini walishaanza kumwita Muhiddin wa Waliopotea, kwa utani.

Utani huo ndio uliomletea Bi Thuwaiba.

Ilikuwa Januari ya mwaka wa sabini na moja, sherehe za Mapinduzi zimebaki siku chache. Muhiddin alikuwa kibandani kwake Mlandege anafungua redio ya mtu. Akapigiwa hodi na bibi wa makamo, buibui lake safi lakini limepauka, na uso wa watu wa zamani wa mji, wa zile nyumba zenye milango ya misumari ambazo siku hizi wanakaa watu wengine.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayewaita waliopotea?"

"Watoto, bi mkubwa. Mie nawaita watoto."

"Basi na mie nna mtoto wangu kapotea."

"Masikini. Lini tena?"

"Mwaka wa sitini na nne. Mwezi huu huu."

Muhiddin akakiweka chini chuma cha kuchomelea waya. Akachungulia nje kama kuna mtu barazani, kisha akaurudisha mlango. Yule bibi akakaa juu ya kasha la betri bila ya kukaribishwa, akasema yaliyomleta. Mwanawe ni Hamoud bin Sleiman. Mkewe Hamoud, Kulthum, alikuwa akimshonea kofia ya viua, ile ya vitundu vya kushonwa kwa mkono, kashafika nusu. Asubuhi ile zikasikika kelele. Hamoud akaichukua kofia vile vile, upande una viua, upande mtupu, uzi unaning'inia, akaivaa kumchekesha mkewe maana alikuwa anatetemeka. Akasema, nnaangalia nje tu, nnarudi sasa hivi.

"Mpaka leo," alisema Bi Thuwaiba. "Haya, mie ni mama, ntamngoja mpaka nife, ndiyo kazi yangu. Lakini Kulthum? Alikuwa na miaka kumi na minane. Si mke, si mjane. Haolewi, hakai eda. Nimekwenda kwa sheikh. Kaniambia, aliyepotea aulizwe kwanza penye watu, na asipopatikana ndipo tuseme kafa. Nimuulize wapi? Nikimtaja mtaani watu wananifungia madirisha. Pale uwanjani Unguja yote itakuwapo. Mwite mara moja tu. Akinyamaza, ntajua, na mtoto wa watu ntamfungua."

"Bi Thuwaiba, siku ile unaijua ni siku ya nini?"

"Naijua. Ndiyo maana nkaja."

"Wataniweka ndani. Na mie nna mama mzee."

Yule bibi akainuka, akajifunga buibui lake vizuri. "Hata mie ni mama mzee, mwanangu," alisema, akatoka. Hakukasirika. Angekasirika Muhiddin angelala usingizi.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake, Bi Mwatima, anakaanga maandazi uani. Huyu mama, nyie! Kwa maneno hana mpinzani mtaa mzima. Anaanza alfajiri na kuku, anamaliza usiku na taa. Muhiddin akamsimulia yote, akitegemea atamwambia, ala, una wazimu, usithubutu. Maandazi yakaungua moja baada ya jingine na Bi Mwatima kayatumbulia macho.

"Na kofia alitoka nayo nusu?" aliuliza mwisho.

"Ndivyo alivyosema."

"Hmm." Akayaepua yale maandazi yaliyogeuka makaa. "Bakar anakusalimu. Kaja mtu wa Mombasa leo."

Bakar alikuwa kaka yake Muhiddin, mkubwa wake kwa miaka minne, aliyekuwa akiuza duka la viungo la Mwarabu mmoja pale Mlandege. Januari ile ya sitini na nne Muhiddin alikuwa Bwejuu, harusini kwa mjomba wake, njia zikafungwa akakwama huko. Aliporudi mjini akaambiwa na mama yake: kaka yako kapanda chombo kenda Mombasa, kapata kazi, usiulize sana. Na tangu hapo kila Idi na kila mfungo salamu zinakuja, na salamu zote zinapitia kwa Bi Mwatima. Muhiddin hakuuliza sana. Wakati ule watu wengi walijifunza kutouliza sana.

Alasiri ya kuamkia sherehe akapanda kijumbani kujaribu spika. "Moja, mbili, tatu." Akangoja.

"Naam."

Safari hii Muhiddin hakukimbia. Akakisogeza kipaza sauti mdomoni, akauliza kwa sauti ndogo: "Wewe ni Hamoud?" Kimya. Upepo ukapita kwenye nguzo za bendera. Akarudia, "Hamoud bin Sleiman?" Kimya vile vile. Akaondoka pale moyoni kashajua kuwa kesho atamwita huyo Hamoud, liwalo na liwe, kwa sababu hakuweza tena kuvumilia kukaa na kitu kinachoitika bila ya kuitwa. Usiku ule akenda kumwambia Bi Thuwaiba angoje mlango mdogo wa mashariki.

Kesho yake uwanja ulifurika. Vikosi vikapita, halaiki wakacheza, ngoma zikapigwa, hotuba zikasomwa. Muhiddin akaita watoto wake kama kawaida: wa Kiembe Samaki mwenye kanzu ya kijani, na pacha wawili wa Mlandege waliopatikana wamelala chini ya gari la matarumbeta. Aliyekuwa juu yake siku ile ni Bwana Pandu, msimamizi wa sherehe, mtu wa sauti nene na subira nyembamba, aliyekuwa akipanda na kushuka ngazi za kijumba na karatasi zake za ratiba. Wakubwa walipoondoka na magari yao, na watu wakawa ndio wanainuka, Bwana Pandu akashuka kuwasindikiza. Muhiddin akashika kipaza sauti. Alisema kwa sauti ile ile ya kuita watoto.

"Kapotea Hamoud bin Sleiman, wa Mlandege. Alipotoka kwao alivaa kofia ya viua ambayo haijesha kushonwa, upande mmoja mtupu. Mama yake anamngoja mlango mdogo wa mashariki. Aliyemwona amlete. Hamoud bin Sleiman, mama yako anakungoja."

Mwanzo watu waliendelea kukung'uta nguo zao. Halafu kikaanza kimya. Kilianzia ngazi za chini, kikapanda, mpaka watu wote wale walikuwa wamesimama wima hawasemi. Wa mjini walifahamu, na wa shamba walifahamu. Watoto wakawatazama wazazi wao. Kuna mzee alivua kofia yake mwenyewe akaiangalia, akaikunja, akaitia mfukoni. Muhiddin akangoja ile naam, akaingoja kwa masikio yote, na haikuja.

Aliyekuja ni Bwana Pandu, anahema.

"Mtoto gani huyo uliyemwita?"

"Mtoto wa mtu."

"Muhiddin, unanifanyia mchezo mimi? Mtoto wa miaka mingapi?"

"Mama yake hakutaja miaka, bwana. Kataja kofia."

Bwana Pandu akazikunja karatasi zake za ratiba. "Kesho asubuhi uje ofisini," alisema, bila ya kupiga kelele, na hilo lilitisha zaidi. "Na funguo za kijumba uje nazo." Akaziteremka ngazi taratibu, kama mtu aliyechoka.

Muhiddin naye akashuka, akapita kinyume cha watu mpaka mlango mdogo wa mashariki, ampe Bi Thuwaiba jawabu. Alimkuta amesimama kando ya mkeka, na pembeni yake mwanamke kijana aliyejifunika, machozi yanamtiririka kimya kimya. Huyo bila ya shaka ndiye Kulthum.

"Hakuja, bi mkubwa."

"Nimesikia, mwanangu. Nimekisikia kile kimya." Akamshika Kulthum mkono. "Twende nyumbani, mama. Kesho tutakwenda kwa sheikh. Mume wako kafa. Tumlilie sasa, tumechelewa sana."

Kulthum akapiga ukelele mmoja, wa tumboni, uliokuwa umengoja miaka saba. Bi Thuwaiba akamkumbatia wakaondoka hivyo hivyo wameshikana.

Hapo ndipo Muhiddin alipoona kuwa mkekani hakuna mtoto hata mmoja, na bado kuna watu wanangoja. Wanawake watupu, wengine wa buibui, wengine wa kanga. Wa mji, wa Ng'ambo, wa shamba. Walikuwa wamejipanga ukutani kama kwenye foleni ya sukari. Wa kwanza akamsogelea, akasema bila ya salamu: "Wangu ni Masoud. Alivaa kikoi cha mstari mwekundu." Wa pili akasema: "Mie ni mume wangu. Hakuvaa viatu." Wakawa wanamtajia hivyo mmoja mmoja, na Muhiddin anaitikia kwa kichwa, anajaribu kuyashika majina yasimpotee na yeye.

Wa mwisho alikuwa kainamisha kichwa, kajifunika kanga mpaka machoni. Muhiddin aliitambua kanga kabla ya mtu.

"Mama?"

Bi Mwatima akashika ukuta.

"Mama, wewe unafanya nini huku? Bakar si yuko Mombasa?"

"Hayuko Mombasa," alisema. "Hajapata kuwa Mombasa. Alikwenda kuangalia kama mlango wa duka la watu umefungwa. Nilimwambia usende, akasema mama, nimekabidhiwa ufunguo. Wewe ulikuwa mdogo, una hamaki, ningekwambia ungetoka kumtafuta, nikakosa wawili. Nkakudanganya. Halafu nkazoea kuzisikia zile salamu hata mie." Akamshika mwanawe kidole kimoja, kama anavyoshika mtoto. "Alivaa shati la kaki, mfuko umechanika. Nlikuwa nimeahidi kuushona. Mwite na Bakar, baba. Mwite naye."

Muhiddin alikuwa keshaikumbuka ile sauti ya naam ni ya nani. Ndivyo kaka yake alivyokuwa akiitika kutoka uani, kila alipoitwa na mama yao, kwa upole vile vile, hata akiwa kakasirika.

Funguo alikuwa nazo mpaka asubuhi. Akarudi juu, akawasha mitambo, na jua lilikuwa bado liko juu ya jukwaa la magharibi. Wanawake wakaingia uwanjani wakakaa ngazi za chini, mama yake katikati yao. Akawaita wote, jina, mtaa na nguo, mmoja baada ya mmoja, na baada ya kila jina akawapa nafasi ya kuitika. Hakuna aliyeitika.

Bakar akamweka wa mwisho. Alipotaja shati la kaki sauti yake ilikatika, akaanza tena. "Bakar, mama yuko hapa. Mama anakuita."

Bi Mwatima akainua uso kutazama ngazi za upande wa pili, juu kabisa, na Muhiddin akajua kuwa naye kaisikia ile naam.