Koti Juu ya Cherehani

Kabla hakujapambazuka nilisikia komeo la mlango wa uani likivutwa taratibu, kama kwa mkono usiotaka kuamsha mtu. Nikajua ni Omary, mkwe wetu wa Makambako, maana ndiye aliyelala sebuleni.

Alikuwa amekuja Njombe na pikapu na tela la magurudumu mawili kuchukua vyombo vya mjukuu wangu Eveline, aliyeolewa na mwanawe. Kitanda, magodoro, magunia ya mahindi, na cherehani ya miguu ya chuma ya marehemu mwanangu Esteria. Nilitaka Eveline ajitegemee kwa kushona, na kingine cha mama yake hakikuwa kimebaki. Jioni tulipopakia niliagiza cherehani ikae nyuma kabisa, pamoja na magunia, ili niione ikishuka ya kwanza.

Nilichungulia dirishani. Omary alikuwa ameishusha cherehani chini, peke yake, na kuifunika koti lake.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, kila kitu kilikuwa na mnunuzi, na wenzangu wa kanisani walikwisha nionya juu ya watu wa magari. Sikupiga kelele. Nilijifunga kitenge nikaenda kusimama karibu na cherehani.

"Kamwene, mama," alinisalimu, kwa Kibena chake cha sokoni.

Nilimuuliza cherehani inakwenda wapi. Akasema inakwenda mbele. Kisha alilifungua tela kutoka kwenye pikapu, akanionyesha mkono wa tela, ule unaofungwa kwenye gari.

"Inua hapa."

Niliinua kwa mkono mmoja. Mimi, ninayechotewa maji na majirani.

"Uzito wote uko nyuma, mama. Mteremkoni tela litayumba mpaka litutoe barabarani."

Bado sikuridhika, hata mwizi angepata la kusema. Nilibaki pale nikimtazama akisogeza magunia mbele ya magurudumu, sakafuni mwa tela, akiilaza cherehani katikati yake, na kitanda chepesi akakipeleka nyuma. Akaniambia nijaribu tena. Mkono wa tela haukunyanyuka hata kidogo. Nikadhani amemaliza, lakini alitikisa kichwa: sasa pikapu ingekaa kitako na usukani ungekuwa mwepesi. Akarudisha gunia moja nyuma kidogo. Safari hii niliunyanyua kwa mikono miwili, nikihema, akacheka na kuleta kamba.

Mimi nami nilifunga utepe wa kitenge kwenye mguu wa cherehani, fundo ninalolijua mwenyewe.

Nilipanda mbele pamoja na Omary. Njiani kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma. Niligeuka mara kwa mara kutazama kupitia kioo cha nyuma. Tela lilitufuata kimya, hata kwenye miteremko. Kisha nikaona Omary anaendesha kwa shati tu, meno yanagongana. Nikamuuliza koti liko wapi.

"Bado limeifunika cherehani. Kichwa chake kikigonga chuma, Eveline atashonea nini?"

Sikugeuka tena kutazama nyuma.

Makambako, mkewe Hamisa alitupokea kwa chai ya tangawizi. Fundo langu lilikuwa vilevile. Eveline alizungusha gurudumu la cherehani, likazunguka laini. Koti ndilo lililochanika kiwiko, kwa kusuguana na kamba. Eveline akalichukua, na hiyo ikawa kazi yake ya kwanza. Mimi nilimshikia kitambaa.

Kesho yake Omary alinisindikiza stendi, amelivaa. Nilikwisha kaa ndani ya basi nilipomwita dirishani.

"Mkwe, njoo tena kwangu Njombe. Hata kama huna cha kubeba."