Posa ya Mchoma Chokaa

Malindi nzima ilijua kwamba Mwalimu Stambuli hawezi kupita penye maandishi akayaacha salama. Kibao cha kinyozi wa sokoni alikisahihisha kwa chaki. Tangazo la maulidi alilibandua msikitini, akalitia wino mwekundu, akalirudisha mahali pake, na kamati ya maulidi ikamshukuru kwa mdomo na kumlaani kwa moyo. Alikuwa amestaafu ualimu tangu mwaka wa themanini na mbili, lakini kalamu yake nyekundu haikustaafu naye. Ilikaa mfukoni mwa kanzu, na siku za kufua mkewe, Bi Nana, aliitoa kwanza, maana kanzu mbili zilikwisha haribika.

Pamoja na hayo, watu walimhitaji. Waswahili wa pwani ile hawaozeshi bila barua ya posa, na barua ya posa si kazi ya kumpa mtu yeyote tu. Mzazi wa mwanamume humwandikia mzazi wa msichana, barua ikafukizwa udi, ikafungwa ndani ya kitambaa cheupe, na mshenga akaipeleka. Ikifika huko husomwa kwa sauti mbele ya wajomba na ami, na kila mmoja huipima familia nzima kwa mistari ile. Basi wenye vijana wa kuoa walikwenda kwa Mwalimu Stambuli. Aliwaandikia kurasa nne, wakati mwingine tano, zenye hamdu na sala na maneno mazito ambayo mwenye kuposa hakuyaelewa lakini aliyapenda. Kwa miaka ishirini ilikuwa nadra ndoa ya heshima kufungwa baina ya Malindi na Mambrui bila kupita chini ya mkono wake.

Sasa hapo palikuwa na kichekesho, na asiyekiona alikuwa mwenyewe peke yake. Mwalimu Stambuli alikuwa na binti. Mahfudha alikuwa muuguzi huko Kilifi, ametimiza miaka ishirini na minane, ana sura, ana adabu, ana kazi yake, na kitambaa cheupe hakikupata kuingia nyumbani kwao hata siku moja. Watu walipouliza, baba yake alijibu kwamba riziki ina wakati wake. Kimoyomoyo aliumia sana. Alimpenda mtoto yule kuliko kitu chochote, na wakati mwingine, akimwandikia mtu posa ya binti wa jirani mwenye miaka kumi na minane, kalamu ilimwia nzito.

Jumatatu moja baada ya Alasiri, Mzee Shee wa Mambrui alipiga hodi. Alikuwa mshenga wa siku nyingi, na mara kadhaa alikuwa amekaa barazani pale kungoja barua za wengine zikauke wino. Safari hii hakukaa kungoja. Alitoa kitambaa cheupe kwapani, akakiweka mbele ya Mwalimu kwa mikono miwili, akasema kwamba Omar Lali, mchoma chokaa wa Mambrui, anamposea mwanawe Athman, fundi wa mitambo katika feri ya Kilifi. Mwalimu alipokea kwa heshima, akasema jibu litapatikana baada ya siku saba. Mgeni alipokwisha kunywa kahawa akaenda zake, Mwalimu aliingia ndani, akafunga mlango, akasema alhamdulillahi mara tatu.

Kisha akafungua barua.

Ilikuwa karatasi ya daftari, ile ya mistari ya buluu, imechanwa kwa uangalifu na bado ina manyoya pembeni. Herufi zilikuwa kubwa, nyingine zimelala, nyingine zimepanda juu ya mstari. Hapakuwa na nukta. Maneno mawili yalishikana hapa, neno moja lilikatika vipande vitatu pale. Hapakuwa na hamdu, hapakuwa na sala. Mkono wa Mwalimu ulikwenda mfukoni wenyewe. Alianza juu, akashuka mstari baada ya mstari, akipigia duara, akikata, akiandika pembeni. Alipofika chini alihesabu makosa thelathini na manne. Akatia alama, nne juu ya kumi, na chini yake akaandika kama alivyowaandikia wanafunzi miaka thelathini: Rudia.

Alijicheka kidogo. Kisha kicheko kikageuka hasira. Yeye, aliyewapambia watu posa zao zote, leo aletewe karatasi ya daftari.

Bi Nana aliingia akifuta mikono kwa ncha ya leso yake. Alikuwa amemwona Mzee Shee akitoka. Aliuliza barua inasema nini.

Mwalimu akamwambia. Alimwambia kuhusu nukta, kuhusu maneno yaliyoshikana, kuhusu karatasi. Alimwambia kwamba mtu anayemwandikia mwenzake hivi ni kama anayekwenda harusini na kanzu ya kulalia.

"Baba Mahfudha," alisema Bi Nana, "nimekuuliza inasema nini."

Mwalimu Stambuli aliitazama tena karatasi. Ilimjia polepole, na ilimwogofya, kwamba hajui. Alikuwa ameipitia karatasi ile herufi kwa herufi kwa nusu saa nzima na hakulisikia hata neno moja lililosemwa.

Bi Nana hakusoma herufi za kizungu; alisoma Kurani na maandishi ya Kiarabu tu. Alivuta kiti, akaketi, akamwambia mumewe asome kwa sauti. Naye akasoma, akipita katikati ya wino wake mwenyewe.

"Mwalimu Stambuli, salamu. Mimi ni Omar Lali, mchoma chokaa. Barua hii naandika kwa mkono wangu. Mtu wa kutuandikia posa hapa kwetu ni wewe, sasa nikija kwako wewe, nani ataniandikia? Wenzangu watatu walifika mpaka mlangoni kwako wakarudi na karatasi zao mfukoni. Waliogopa utawacheka. Mimi pia naogopa. Lakini nimefikiri hivi: nikichekwa nitarudi kuchoma chokaa yangu, haitaniuliza kitu. Mwanangu akimkosa mke mwema kwa sababu ya woga wangu, nitamtazamaje? Kijana wangu si mlevi, si mwongo, anaswali, na anampenda binti yako. Kama nimekosea, nisahihishe, lakini mtoto nipe."

Mwalimu aliishika karatasi bila kuiweka chini. Alikuwa amesikia kitu cha ajabu. Yale makosa thelathini na manne yote yalikuwa ya macho. Sikioni halikuingia hata moja. Kilichoingia kilikuwa Kiswahili safi cha Mambrui, cha mtu mzima anayejua anachokitaka.

"Watatu," alisema hatimaye. "Uliwajua?"

Bi Nana alikuwa akilia kimya. Aliwajua. Mmoja alikuwa mwenye duka la vitambaa. Wa pili alikuwa kijana wa jamaa zao wa Lamu. Wa tatu alikuwa mwalimu kama Stambuli mwenyewe, kijana wa Barani, ambaye Mahfudha mwenyewe alimtaka. Aliandika barua mara sita, mara sita akaifikisha mlangoni na kurudi kuichana, mwisho akahamishwa kazi na kuoa huko huko alikokwenda. Bi Nana alikuwa amejaribu kumwambia mumewe, na kila mara alikatizwa kwamba mtu asiyeweza kuandika barua atawezaje kutunza mke. Mganga hajigangi. Mtu aliyefungua milango ya watu mji mzima alikuwa ameukomea wake, na ufunguo anao mfukoni.

Mwalimu hakukubali mara moja. Hakuwa mtu wa hivyo. Alisema barua ni uso wa mtu. Akamkumbusha mkewe simu ya maandishi iliyotoka Mombasa mwaka wa sabini na tisa, iliyoandikwa ovyo hata jirani zao wakaweka matanga na kupika wali, na marehemu akashuka basini siku ya tatu akakuta anasomewa hitima. Je, maandishi mabaya hayana madhara?

Bi Nana alijibu kwamba yana madhara, na wali ule aliupika yeye. Lakini simu ile haikueleweka. "Hii ya Omar Lali," akasema, "ni wapi hukuelewa?"

Mwalimu aliikunja karatasi, akaitia mfukoni. Alikwenda kuswali Magharibi na akakaa msikitini mpaka Isha, jambo alilolifanya alipokuwa na huzuni tu.

Ijumaa Mahfudha alikuja kutoka Kilifi, kama ilivyo desturi ya binti kuulizwa kwanza kabla ya baba kujibu. Alimwamkia baba yake shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa sauti ndogo, na karatasi ikawekwa mbele yake. Mwalimu alikuwa amefikiria kuinakili upya na kuichoma ile. Alishindwa. Barua ya posa ni mali ya anayeposwa. Huiweka kwenye kasha lake maisha yake yote, na huenda siku moja akawaonyesha wajukuu. Akaona heri aione aibu yake sasa kuliko kumwibia mtoto kitu chake.

Mahfudha alisoma polepole. Baba yake alimtazama macho yakipita kwenye duara moja, kwenye duara la pili, mpaka chini kabisa.

"Miezi minane," alisema Mahfudha bila kuinua uso. "Mzee Omar alijiandikisha darasa la ngumbaru siku Athman alipomtajia mimi. Alikuwa hajui hata kuandika jina lake. Anatoka kwenye tanuri na macho mekundu ya moshi, anakwenda kukaa darasani na watu wa makamo. Wakamwambia atafute mwandishi kutoka Mombasa. Akasema mtoto ni wake, na maneno atayasema mwenyewe."

Mwalimu aliuliza kama anamtaka huyo Athman.

"Namtaka, baba."

"Na yule wa Barani?"

Mahfudha alikunja karatasi. "Yule nilimlilia mwaka mzima," akasema. "Na wewe nilikuwa nikikupikia uji asubuhi, unanisomea makosa ya gazeti, nacheka. Sikutaka ujue. Ningekuambia nini? Kwamba watu wanakuogopa?"

Mwalimu Stambuli alikuwa na maneno mengi kuliko mtu yeyote wa Malindi, na wakati ule yote yalimkimbia. Alimwambia binti yake nisamehe, mwanangu, akasema tena, na mara ya tatu. Mahfudha aliinuka akambusu mkono. Alisema amesamehe. Hakusema kwamba haikuuma.

Usiku haujaingia, Mwalimu alikaa kuandika jibu. Aliandika kama alivyozoea, hamdu, sala, sifa za ukoo, mpaka ukurasa wa tatu. Hapo akasimamisha kalamu. Alimwona Omar Lali barazani kwake Mambrui, watu wamemzunguka, karatasi mkononi, akiitazama mikunjo ile ya mwandiko na maneno yale mazito asiweze kuvuka mstari wa kwanza. Angelazimika kumpa Mzee Shee amsomee. Angekaa kimya mbele ya ndugu zake, kwenye posa ya mwanawe, baada ya miezi minane ya ngumbaru.

Akaziweka kando kurasa tatu. Akachukua karatasi mpya, akaandika kwa herufi kubwa, moja moja, akiacha nafasi baina ya maneno kama anavyomwandikia mtoto ubaoni, ila hapa hakuwa akimfundisha mtu. Ilimshinda mara mbili. Mkono ulitaka kupamba. Mara ya tatu ikawa mistari mitano tu:

Ndugu yangu Omar Lali. Barua yako nimeisoma. Mahfudha amekubali. Mimi nimekubali na nimefurahi. Njooni.

Aliisoma, akaiona iko nusu uchi, akaifunga katika kitambaa kabla hajabadili nia.

Mzee Shee aliichukua Jumatatu. Jumatano alirudi kupanga siku ya kuja wajomba, na Mwalimu, aliyekuwa akingoja kwa wasiwasi, hakumwacha hata avue viatu. Alimuuliza jibu lilipokewaje.

Mzee Shee alisema walikuwa watu kumi na mmoja barazani. Yeye, kama kawaida yake, alifungua kitambaa na kukohoa tayari kusoma. Omar Lali akanyoosha mkono, akasema barua ni yake. Wazee wakatazamana, mmoja akakitazama kikombe chake kwa kumwonea haya. Omar Lali aliweka kidole chini ya neno la kwanza, kidole kile cheupe cha chokaa, akalitoa. Kisha la pili. Alichukua muda ambao mtu angeweza kumaliza kahawa, na hakuna aliyekunywa. Alipofika kwenye "amekubali" alilirudia, na mwanawe Athman, aliyekuwa amesimama mlangoni, akageuka upande wa ukuta. Akaendelea mpaka mwisho.

"Ikawaje tena?" aliuliza Mwalimu.

"Akarudi mwanzo," alisema Mzee Shee. "Akaisoma yote mara ya pili, kwa haraka zaidi. Halafu akatuambia, mnaona, Mwalimu amenijibu mimi."

Mwalimu Stambuli aliitikia kwa kichwa. Kwa miaka ishirini alikuwa ameandikia mji mzima barua ambazo watu walizipokea kwa mikono miwili na kuwapa wengine wawasomee. Aliketi barazani, akamwita Bi Nana alete kahawa, na kahawa ilipokuja alimpa Mzee Shee kikombe cha kwanza kwa mikono miwili.