Tushushe kwa Bubu

Mimi sikuolewa na mwongo. Niliolewa na mkaguzi wa mizani, mtu wa serikali, anayeingia dukani na sanduku lake la mawe ya shaba na kumwambia mwenye duka mbele ya wateja wake, "Mizani yako inaiba." Ungeniuliza nani mwaminifu katika ukoo mzima, wa kwake na wa kwangu, ningekuonyesha yeye kwa kidole bila kupepesa jicho. Kwa hiyo wenzangu, msinicheke mapema. Hata ninyi mngeingia mkenge.

Siku tulipooana hatukuwa na uwezo wa kwenda popote. Tulikaa ukingoni mwa kitanda cha kuazima tukaapizana: jiji kubwa tutaliona pamoja, mguu wangu na mguu wako, na hakuna atakayemtangulia mwenzake. Maneno ya kitoto, najua. Lakini mimi ni fundi wa mapazia, na ahadi nikishaishona haifumuki.

Ahadi hiyo ilinikosesha dada yangu. Dada mkubwa, aliyenilea baada ya mama kufariki, aliyekuwa akinisuka nywele huku akinifinya nitulie, aliolewa huko huko jijini. Akanitumia nauli. Wiki hiyo mume wangu alikuwa safarini kukagua mizani za wilaya za mbali, hapatikani, nami nikasema siendi bila yeye, tumeapa. Badala ya kwenda nikamshonea dada mapazia ya sebuleni: kitambaa cha manjano, pindo la bluu. Yalinitoa jasho. Alipoyapokea akanipigia simu.

"Yaani harusi yangu imeshindwa na kiapo chenu cha chumbani? Sawa. Haya mapazia yako nitayafanya matambara ya kudekia."

Akakata. Tangu siku hiyo tunaonana kwenye misiba tu, tunapeana mikono kama watu wa ofisi moja. Kitambaa kilichobaki nilikishona pazia la dirisha la jikoni kwetu, na kila ninapoosha vyombo naliangalia, na mara nyingine nalia. Mume wangu ameniona nikilia hapo mara nyingi. Nilikuwa nikimwambia, "Baba watoto, twende jijini nikapatane na dada yangu." Naye ananipangusa machozi, ananiambia, "Nikistaafu, Fundi. Tukienda, twende na raha zetu." Nikasubiri. Mvumilivu hula mbivu, si ndivyo tunavyodanganyana?

Basi akastaafu, tukafunga safari.

Siku ya kwanza, kwa kweli, ilikuwa tamu. Hoteli yetu ilikuwa na lifti inayoongea. Ikaniambia, "Karibu, mlango unafungwa," nami nikaijibu, "Ahsante, mwanangu," na watu wote mle ndani wakaangua kicheko. Tulitembea bila haraka, tukikaa kwenye kila benchi. Tuliona mbwa akisukumwa kwenye kigari cha mtoto, amefunikwa blanketi, na mwanamume mzima anamwuliza kama anasikia baridi. Tulikutana na mtu mwenye suti ambaye kazi yake ni kupanga foleni kwa niaba ya wengine. Wewe unalala kwako, yeye anakusimamia benki. Nikamwuliza kama anaweza kunisimamia kwa wakwe. Mume wangu alikuwa ametoa macho kwa kila kitu. "Loo! Fundi, hebu tazama kule!" Nikajisemea, jamani, kumbe raha ni hii. Mapazia ya hoteli tu ndiyo yaliyonikera, mafupi kama suruali ya kurithi.

Mpango ulikuwa kesho yake tutembee kidogo, halafu jioni twende kwa dada. Anwani nilipewa na binamu yetu. Nilikuwa na hofu, sifichi. Mtu aliyekwambia kazi yako ni tambara, utagonga mlango wake kwa mkono upi?

Asubuhi tukapanda teksi. Msichana wa mapokezi alikuwa ametushauri tuanzie Mnara wa Saa, akanichorea duara kwenye ramani. Nikaikunjua ramani mapajani ili nisome vizuri jina la mtaa. Dereva akauliza, "Mnashukia wapi?"

Mume wangu alikuwa akitazama nje, mawazo yako mbali. Akasema, "Tushushe kwa Bubu."

"Haya, mzee," dereva akaitikia, akakata kona.

"Bubu ndiye nani?" nikauliza.

Mume wangu akaanza kukohoa. Dereva ndiye aliyenijibu, anacheka. "Ule mnara wa saa, mama! Kengele yake haijalia tangu ujengwe, ndiyo maana sisi tunauita Bubu. Jina hilo hulikuti kwenye ramani, na wageni hawalijui. Mzee wako mwenyeji haswa."

"Nimelisikia pale mapokezi," mume wangu akasema.

Mapokezi nilikuwepo. Nilisimama pale nikiwa na masikio yangu mawili, na sikusikia bubu wala kiziwi. Lakini nikanyamaza. Wanaonifahamu wanajua nikipiga kelele hakuna neno. Nikinyamaza, toa watoto nje.

Tuliposhuka, nikaona mkahawa mdogo chini ya mnara, wenye madirisha mapana. "Tuingie hapa," nikasema.

"Hapa? Twende kule mbele, kuna pazuri zaidi."

"Umejuaje kama mbele kuna pazuri?"

Nikaingia, naye akanifuata nyuma, miguu mizito. Hatujafika hata katikati, mhudumu mmoja, mwanamke wa makamo mwenye aproni, akapiga makofi kwa furaha.

"Mzee wa Dirishani! Ulipotelea wapi? Tukadhani umeshatangulia mbele ya haki! Na leo umetuletea mgeni?"

Mgeni. Nimemzalia huyu bwana watoto watatu, nimemkanda mgongo, nimemwogeshea mama yake mpaka anakata roho, halafu mgeni ni mimi.

Akatupangusia meza ya dirishani, na bila kuuliza akamletea mume wangu chai ya maziwa isiyo na sukari. Nyumbani anaweka sukari mpaka nagombana naye. Nikamtazama yule mwanamke kuanzia kichwani hadi viatuni. Alikuwa mtu mzima, akanielewa mara moja.

"Mama, usinitazame hivyo," akasema kwa upole. "Huyu hana mtu hapa. Anakuja peke yake, anazima simu, anakaa hapo akitazama watu wanavyopita. Anachekaa! Tunampenda kwa kicheko chake." Kisha akagundua kwamba mdomo umemponza, akaenda zake jikoni.

Kicheko gani? Nyumbani kwangu huyu mtu hutabasamu upande mmoja, kama jino linamuuma.

"Haya, niambie," nikamwambia. "Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Akaeleza akitazama kikombe. Kumbe ofisi yake ilikuwa ikimleta jijini tangu zamani, kuleta yale mawe ya shaba yapimwe upya makao makuu. Safari ya kwanza ilikuwa kabla ndoa haijamaliza mwaka. Aliona aibu kuniambia kwamba amenitangulia. Ya pili akanyamaza kwa sababu ya kwanza. Baadaye akaanza kuongeza siku za kwake. Zile wilaya za mbali, nyingi zilikuwa kiti hiki hiki.

Moyo wangu ukaanza kuhesabu wenyewe, sikuutuma. "Wiki ya harusi ya dada yangu ulikuwa wapi?"

Akakoroga chai isiyo na sukari. Alikoroga kwa muda mrefu.

"Hapa," akasema.

"Hapa jijini."

"Hapa. Lakini sikujua kama angekutumia nauli, Fundi. Niliporudi ulikuwa umeshakataa, na yeye ameshanuna. Ningesema nini?"

"Na ulikuwa unafanya nini huku miaka yote?"

"Napumzika tu."

"Unapumzika na nini?"

Hapo akainamisha kichwa. "Nyumbani kila mtu ananitaka. Huku hakuna anayenijua. Nilikuwa natembea, nakaa, natazama watu. Sikuwa na mwanamke, haki ya Mungu."

Heri angekuwa naye! Mwanamke ningemwendea nikamtukana mpaka majirani wakaja kunishika, roho ikatulia. Sasa nitagombana na nani, na kiti? Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mimi sikujua kwamba kinaweza kukutafuna huku kinacheka na watu wengine. Nililia pale pale, mbele ya wateja, na sikujifuta. Mkaguzi wa mizani! Mimi upande wangu naweka dada yangu wa pekee, yeye upande wake anaweka hewa, halafu ananiambia tuko sawa.

Nikachukua mkoba wangu. "Nakwenda kwa dada."

"Ngoja twende wote, si ndivyo tulivyo..."

"Usithubutu kulimaliza hilo neno."

Nikamwita mhudumu, nikamtajia mtaa wa dada, nikamwuliza basi gani linafika huko. Lakini kabla mwanamke wa watu hajafungua mdomo, mume wangu alikuwa ameshajibu, kwa ile sauti ya mtu anayejibu bila kufikiri:

"Panda la kijani, la hospitali. Linapita mlangoni kwake kabisa. Ghorofa ya pili, utaona yale mapazia ya..."

Akakatisha.

Nikaketi tena. "Mapazia ya nini?"

Akavuta kikombe karibu.

"Nimekuuliza, mapazia ya nini?"

"Ya manjano," akasema. "Yenye pindo la bluu. Siku moja nilikuwa kwenye basi nikayaona, nikayajua mara moja, si kama lile la jikoni kwetu? Nikamwona na yeye mwenyewe, anayafunga. Yapo, Fundi. Kila nikija nayatazama. Vyumba vingine amebadilisha, lakini ya sebuleni hajayatoa hata siku moja."

Ninyi mnaonisikiliza, hebu pimeni wenyewe. Dada yangu hakuyafanya matambara. Alinisamehe zamani, kwa njia yake, yeye ni mkaidi kama mimi. Akayatundika upande wa barabarani kila mtu ayaone, na aliyeyaona alikuwa mume wangu. Kisha akarudi nyumbani, akanikuta nimesimama mbele ya pazia la jikoni nalia, akanipangusa machozi.

"Ulijua," nikasema. "Ukaniacha nilie."

"Ningekuambia nimeyaona wapi?" akauliza, na nadhani alikuwa anauliza kweli, anataka nimsaidie kupata jibu.

Sikumsaidia. Nikatoka. Alinifuata mpaka mlangoni, nikamwonyesha kiti chake kwa kidole, kidole kile kile ambacho zamani kilikuwa kikimwonyesha kwamba ni mwaminifu. Akarudi akakaa. Kupitia kioo nilimwona ameshika kikombe, hanywi.

Basi la kijani likaja. Nilikaa dirishani nikitazama madirisha ya watu, na kweli, tulipopita hospitali, nikayaona. Jua lilikuwa limeyapausha hadi manjano yamekaribia kuwa maziwa. Nikashuka, nikavuka barabara, nikasimama chini yake. Upindo mmoja ulikuwa umefumuka ukashonwa upya kwa mkono, kwa uzi mweusi, mishono mikubwa mikubwa kama ya kufunga gunia. Dada yangu hajui kushona kabisa. Sindano anaishika kama mwiko. Lakini alikaa chini akaurudishia upindo wangu.

Nikaita kwa sauti, kama nilivyokuwa nikimwita utotoni nikifungiwa nje. "Dada! Dadaa!"

Pazia likavutwa. Akatokea, mvi zimejaa, miwani puani. Akaniangalia kwa muda, kisha akaangalia kushoto kwangu, akaangalia kulia kwangu, anatafuta.

"Uko peke yako?" akauliza kwa ukali ule ule, lakini sauti inamtetemeka. "Shemeji yuko wapi? Si mliapa?"

"Niliapa peke yangu, dada," nikamwambia. "Nifungulie."